Taiichi Ohno, fundi aliyeogopa ghala lililojaa

Simama asubuhi moja Malaba, Rusumo, Namanga au Mutukula, uhesabu magari yanayovuka. Utachoka kuhesabu yenye chapa ya Toyota kabla hujaanza mengine. Hiace zimejaa abiria, Probox zimelaliwa na marobota hadi tairi za nyuma zimebonyea, Land Cruiser za wakubwa zinapita pembeni. Mengi yake yalishushwa Mombasa au Dar es Salaam yakiwa yameshatumika Japani, nchi ambayo usukani wake uko kulia kama ilivyo Kenya, Uganda na Tanzania.

Jina la kampuni hiyo linajulikana hata kwa mtoto. Jina la Taiichi Ohno linajulikana zaidi kwa wahandisi na kwa wanaosomea biashara, ambao hawawezi kumaliza masomo yao bila kukutana nalo. Hakuwa mwenye kampuni, wala hakuzaliwa katika ukoo wa Toyoda. Sifa yake haikutokana na kuchora gari fulani. Alichoshughulika nacho maisha yake yote ni swali ambalo kila mwenye duka na kila mvushaji mizigo hujiuliza usiku akipiga hesabu: mali nishike kiasi gani, na niishike lini?

Ohno alizaliwa tarehe 29 Februari 1912, siku ambayo kalenda huileta mara moja tu kila miaka minne. Alizaliwa Dalian, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa China, ambao Japani ilikuwa imeutwaa baada ya vita vyake na Urusi. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi cha Nagoya. Mwaka 1932, kazi zikiwa adimu dunia nzima kwa sababu ya mdororo wa uchumi, aliajiriwa na kampuni ya kusokota na kufuma ya ukoo wa Toyoda.

Kwa hiyo mtu aliyekuja kubadili viwanda vya magari alianza kwenye pamba, na jambo hilo lina uzito wake. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Sakichi Toyoda, alikuwa mtoto wa seremala. Alitumia maisha yake kutengeneza mashine za kufuma, na ile iliyompa sifa ilikuwa na kipawa kimoja: uzi ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Mashine nyingine za wakati huo zingeendelea kufuma kitambaa chenye kasoro hadi mtu agundue, ndiyo maana zilihitaji mlinzi wa karibu. Mashine ya Sakichi haikuhitaji mtu wa kuikodolea macho, na msichana mmoja aliweza kuhudumia mashine nyingi kwa pamoja. Mwaka 1929 haki za ubunifu huo ziliuzwa kwa Platt Brothers wa Uingereza, waliokuwa miongoni mwa mabingwa wa mashine za nguo duniani. Sakichi alifariki mwaka uliofuata, kabla Ohno hajaingia kazini.

Katika kiwanda hicho cha nyuzi Ohno alijifunza pia kwa mshindani. Kampuni yake ilikuwa inapeleka nyuzi kutoka hatua moja hadi nyingine kwa mafungu makubwa, kila hatua katika jengo lake. Mshindani alikuwa amepanga kazi kwa kufuata mwendo wa uzi, akipeleka mafungu madogo madogo, na alijitahidi uzi uwe mzuri tangu mwanzo ili asiwe na kazi ya kuunga vipande mwishoni. Mshindani huyo alikuwa anauza kwa bei nafuu. Ohno aliliona hilo akiwa kijana na hakulisahau.

Jambo lingine lililomkaa kichwani alilisikia mnamo mwaka 1937. Iliaminika kwamba kazi ya Mjerumani mmoja kiwandani ni sawa na ya Wajapani watatu, na kazi ya Mmarekani mmoja ni sawa na ya Wajerumani watatu. Kwa hesabu hiyo Mmarekani mmoja alikuwa sawa na Wajapani tisa. Wengi wangeisikia hesabu hiyo na kuinamisha kichwa. Ohno alifikiri kinyume: haiwezekani Mmarekani awe na misuli ya watu tisa, basi lazima kuna kitu Wajapani wanakipoteza njiani. Akikipata kitu hicho na kukiondoa, pengo litajiziba.

Kwa Kijapani upotevu wa aina hiyo huitwa muda. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu. Maneno haya mawili hayana undugu wowote, lakini ni vigumu kupata sadfa iliyokaa vizuri kuliko hii.

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Ohno alihamishiwa kampuni ya magari, ambayo Kiichiro Toyoda, mtoto wa Sakichi, alikuwa ameianzisha mwaka 1937. Kiichiro ndiye aliyelitoa kwanza wazo kwamba kila kifaa kifike kwenye gari wakati ule ule kinapohitajika, kisiwahi wala kisichelewe. Alitaka kuliendesha hivyo katika kiwanda chake kipya cha Koromo kilichofunguliwa mwaka 1938. Vita vikaja, serikali ikataka malori, malighafi ikawa ya mgawo, na wazo likabaki wazo.

Japani iliposalimu amri Agosti 1945, Kiichiro aliwapa watu wake lengo lililosikika kama ndoto za mchana: kuifikia Marekani katika muda wa miaka mitatu, la sivyo tasnia ya magari ya Japani itakufa. Nchi ilikuwa majivu. Kiwanda kilikuwa na mashine chakavu na watu wenye njaa. Ohno, aliyekuja kuisimamia karakana ya mashine, aliyachukua maneno hayo kama agizo la kazi.

Ili kuelewa alichokifanya, ni lazima kuiona karakana ile kama alivyoikuta. Mashine zilipangwa kwa aina: za kukerezea chuma upande mmoja, za kutobolea upande mwingine. Kila fundi alikuwa bwana wa mashine yake moja, aliyeijua kama mkulima anavyolijua shamba lake. Akiiwasha na chuma kikaanza kuchongwa, alisimama akiitazama. Alitengeneza kwa wingi kadiri alivyoweza, kwa sababu kutengeneza kwa wingi ndiko kulikoitwa uhodari. Vifaa vilirundikana sakafuni, vikapelekwa hatua inayofuata, vikarundikana tena.

Pamoja na marundo hayo yote, magari hayakutoka. Nusu ya kwanza ya mwezi ilipotea watu wakisubiri vifaa vilivyopungua, nusu ya pili ikaenda mbio mbio kuunga magari kabla ya tarehe ya mwisho. Kilichokuwapo kwa wingi hakikuhitajika siku hiyo, na kilichohitajika hakikuwapo. Mfanyabiashara aliyewahi kujaza stoo kwa katoni za bidhaa isiyotoka, huku wateja wakiondoka mikono mitupu kwa kukosa bidhaa moja ya bei ndogo, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1947 Ohno alianza kuzihamisha mashine. Alizipanga kwa kufuata safari ya kifaa, ile ya kwanza ikifuatiwa na ya pili, katika mistari inayokabiliana au katika umbo la kona, ili mtu mmoja aweze kuhudumia mbili, kisha tatu au nne. Ilikuwa ni ile hekima ya mashine za kufuma: mashine ikiweza kusimama yenyewe kazi inapoharibika au kumalizika, mtu hana sababu ya kuilinda.

Mafundi walichukia. Walikuwa wameajiriwa kama wakerezaji, sasa wanaambiwa watoboe na kuchonga pia. Fahari ya fundi wa zamani ilikuwa kujua jambo moja kwa kina, na huyu msimamizi aliyetoka kwenye pamba, ambaye wengine walimwona hana ajualo kuhusu magari, alikuwa anawavuruga. Upinzani huo haukuwa wa kipuuzi. Mtu anayeweza kuendesha mashine nne kwa urahisi huanza kujiuliza wale wenzake watatu watakwenda wapi.

Jibu la kutisha lilikuja kutoka upande mwingine kabisa. Mwaka 1949, chini ya masharti ya kubana uchumi yaliyosimamiwa na Wamarekani, mikopo ilikauka Japani nzima. Toyota ilikuwa imeuza magari mengi kwa malipo ya awamu, na wanunuzi hawakuweza kulipa. Magari mengine hayakupata wanunuzi kabisa, yakabaki kama mtaji uliolala, huku mishahara na wenye kuleta vifaa wakisubiri. Benki zilikubali kuiokoa kampuni, lakini kwa masharti. Idara ya mauzo ilitengwa na kuwa kampuni inayojitegemea Aprili 1950, na kiwanda kikatakiwa kutengeneza kile tu ambacho wauzaji wamethibitisha kwamba kitauzika. Wafanyakazi wapunguzwe.

Kiichiro alikuwa ameahidi kwamba hatamfukuza mtu. Mgomo ulianza Aprili ukadumu hadi Juni. Ulipokwisha, watu wengi walikuwa wameondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu pamoja nao, kwa kuwa hakuona namna ya kubaki baada ya kuvunja ahadi yake.

Wiki chache baadaye vita vya Korea vilianza, na jeshi la Marekani likaja na oda ya malori ambayo yangeweza kuwaokoa wote hao. Kiichiro hakuwahi kurudi kazini. Mpango wa kumrejesha ulikuwa umeandaliwa alipofariki ghafla Machi 1952, akiwa na umri wa miaka 57. Hakuiona hata mara moja kampuni yake ikifanya kazi kama alivyowazia.

Ohno hakuisahau hofu ile. Aliyapokea malori ya Korea kwa tahadhari: oda ziliongezeka, lakini kampuni ilijitahidi kuongeza kazi bila kurudisha watu kwa wingi, kwa sababu kuajiri leo na kufukuza kesho ndiko kulikoleta mgomo. Tangu hapo aliiona bidhaa iliyotengenezwa bila mnunuzi kama adui. Katika orodha yake ya aina saba za upotevu, kutengeneza kupita mahitaji aliuweka juu ya mengine yote, kwa hoja kwamba ndio unaoyazaa na kuyaficha. Aliyetengeneza kupita kiasi huhitaji ghala, ghala huhitaji mlinzi na karani, mzigo huhitaji kuhamishwa, na kasoro iliyoko chini ya rundo haionekani hadi siku rundo litakapokwisha.

Mwaka huo huo wa 1950 Eiji Toyoda, binamu wa Kiichiro, alikwenda Marekani kukitazama kiwanda cha Ford cha Rouge. Rouge ilikuwa inatoa magari kama 7,000 kwa siku. Toyota, tangu kuanzishwa, ilikuwa imetengeneza magari madogo 2,685 katika miaka 13. Ford ilimudu marundo, kwa kuwa ilikuwa na soko la kuyameza. Toyota ilitakiwa kutengeneza aina nyingi za magari kwa idadi ndogo, kwa mtaji mdogo, katika nchi maskini. Kumwiga tajiri kungewamaliza.

Hapo ndipo Ohno alipoichukua hekima yake kutoka dukani.

Alikuwa amesoma na kusikia habari za supamaketi za Kimarekani, ambazo Japani haikuwa nazo bado. Mteja anaingia na kuchukua rafuni kile anachokitaka, kwa kiasi anachokitaka, wakati anapokitaka. Mwenye duka haleti mzigo kwa kukisia. Anatazama pengo lililobaki rafuni na kujaza hilo hilo. Ohno aliona kwamba kiwanda kinaweza kuendeshwa hivyo hivyo. Kila hatua ya kazi ni duka, na hatua inayofuata ni mteja wake. Badala ya wa mbele kumsukumia mwenzake vifaa kwa mujibu wa ratiba iliyoandikwa ofisini, wa nyuma ndiye aende kuvichukua anapovihitaji, na wa mbele atengeneze tu kile kilichochukuliwa.

Mwaka 1953 alianza kuutumia utaratibu huo katika karakana yake. Mwaka 1956 alisafiri hadi Marekani kutembelea viwanda vya magari, na huko akaziona supamaketi zenyewe kwa macho yake. Kwake safari ya dukani ilikuwa na faida kubwa kuliko ya viwandani, jambo ambalo wenyeji wake wa General Motors na Ford pengine wasingefurahi kulisikia.

Chombo alichotumia kilikuwa kipande cha karatasi. Kiliitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao cha tangazo, kama kile kinachotundikwa juu ya duka. Kadi ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kukaa pamoja na boksi la vifaa. Ilieleza ni kifaa gani, vingapi, kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Fundi anapoanza kulitumia boksi, kadi inatolewa na kurudishwa kule lilikotoka, na huko inakuwa ndiyo ruhusa ya kutoa boksi lingine. Kadi nyingine ikimfikia aliyetengeneza, inakuwa ndiyo oda yake. Bila kadi hakuna kutengeneza, bila kadi hakuna kuhamisha. Hata mashine iwe haina kazi na mtu amekaa tu, hairuhusiwi kutengeneza cha kuweka akiba. Anayetaka kujua mali iliyoko njiani anahesabu kadi, na anayetaka kupunguza mali anaondoa kadi moja na kutazama nini kitakwama.

Likisimuliwa hivi jambo linaonekana jepesi, na ndiyo maana wengi walioiga kadi peke yake walishindwa. Kadi ilikuwa inafanya kazi mahali ambapo mambo mengine matatu au manne yamekwisha kunyooshwa, na kuyanyoosha kulimchukua Ohno zaidi ya miaka kumi.

La kwanza lilikuwa ukubwa wa mafungu. Mashine za kukandamiza bati za bodi zilibadilishwa kalibu kwa saa mbili hadi tatu. Mwenye mashine kama hiyo atapenda akishaifunga kalibu ya mlango, atengeneze milango ya mwezi mzima. Watu wa Ohno waliigawa kazi ya kubadili kalibu katika vipande, wakaandaa nje kila kilichoweza kuandaliwa mashine ikiwa bado inaenda. Kufikia mwaka 1962 ilikuwa imeshuka hadi dakika 15, na mwaka 1971 hadi dakika tatu. Ni sawa na msafirishaji ambaye kibali cha mzigo kilikuwa kinamchukua siku tatu mpakani: atajaza lori hadi pomoni ili safari iwe na maana. Kibali kikitoka kwa saa moja, mzigo mdogo kila siku unaanza kulipa.

La pili lilikuwa ubora. Penye vifaa vitano tu mkononi, kimoja kikiwa kibovu kazi inasimama. Ohno alitaka isimame. Alimpa kila mfanyakazi mamlaka ya kusimamisha mstari mzima akiona kasoro, jambo ambalo katika viwanda vya Detroit lilikuwa la mabosi peke yao. Taa zilitundikwa juu kuonyesha ni wapi pamekwama. Mwanzoni mistari ilikuwa inasimama hovyo na wakubwa wakipandwa na presha. Baadaye ilisimama mara chache, kwa sababu kila chanzo kilichong'olewa hakikurudi.

Kung'oa chanzo kulikuwa na njia yake: kuuliza kwa nini mara tano. Mfano aliozoea kuutoa ni wa mashine iliyozimika. Fyuzi imekatika, kwa sababu mashine ilizidiwa. Ilizidiwa kwa sababu beringi haikupata mafuta ya kutosha. Haikupata kwa sababu pampu haikuvuta vizuri. Pampu haikuvuta kwa sababu mhimili wake umelika. Mhimili umelika kwa sababu hakukuwa na chujio na vipande vya chuma viliingia ndani. Anayeishia kwenye swali la kwanza ataweka fyuzi mpya, na mwezi ujao atarudi pale pale.

Aliwafundisha watu kwa ukali, na waliofanya kazi chini yake walimwogopa. Habari inayosimuliwa zaidi ni ya chaki. Alimchukua msimamizi hadi katikati ya karakana, akachora duara sakafuni, akamwamuru asimame humo na kutazama. Kisha yeye akaondoka. Baada ya saa kadhaa alirudi kumuuliza ameona nini, na jibu lisiporidhisha, mtu alibaki ndani ya duara. Hakutoa majibu, hata alipokuwa nayo. Aliamini aliyepewa jibu hulitumia mara moja tu, na aliyelitafuta mwenyewe hujua kutafuta jingine.

Kwa miaka mingi ndani ya Toyota utaratibu huo haukuitwa wa Toyota. Uliitwa utaratibu wa Ohno, na si kwa sifa. Ulipofaulu ndipo ulipopewa jina la kampuni. Kilichomlinda ni wakubwa wake, hasa Eiji Toyoda, ambao walipokea malalamiko kutoka chini na wenzake wa pembeni na hawakumzuia. Aliingia kwenye bodi ya wakurugenzi mwaka 1954. Karakana moja ilifuatwa na nyingine, na mwaka 1962 kadi zikaenea kampuni nzima, karibu miaka 15 tangu azihamishe mashine zile za kwanza. Wanaodhani mageuzi ya namna hii ni kazi ya semina ya siku mbili wangefaa kuikumbuka tarehe hiyo.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya wenye kuleta vifaa, na hapa sifa za Ohno zinahitaji kupimwa kwa mizani ya haki. Ni rahisi kusema una mali kidogo ikiwa umemwachia jirani yako aishike. Baadhi ya kampuni ndogo zilizoiuzia Toyota zililazimika kuleta mizigo midogo mara nyingi kwa siku, na zile ambazo hazikujua kubadili kazi zao zilijikuta zikijaza maghala yao wenyewe ili zisichelewe. Ohno mwenyewe alikemea tabia hiyo kwa wakubwa wanaotaka vifaa kwa wakati bila kusawazisha oda zao. Kwake sharti la kwanza lilikuwa kwa mnunuzi: leo asichukue boksi kumi na kesho asichukue hata moja, bali achanganye aina za magari katika mstari ili kila siku ifanane na nyingine. Toyota ilipeleka watu kwenda kuwafundisha wauzaji wake, na wengi walinufaika. Hata hivyo amri ilibaki kwa mnunuzi mkubwa, na bei pia.

Wafanyakazi nao walikuwa na yao. Mwandishi wa habari Satoshi Kamata aliajiriwa Toyota kama kibarua wa msimu mwaka 1972, akakaa miezi kadhaa kwenye mstari, akaandika kitabu kuhusu kasi isiyompa mtu nafasi ya kupumua, uchovu na ajali. Kuondoa kila dakika ya kusubiri kuna maana moja kwa mwenye kiwanda na nyingine kwa anayesimama pale tangu asubuhi. Ohno aliona kwamba kazi isiyo na tija ni dharau kwa mfanyakazi. Kamata aliyaona mambo kutoka sakafuni. Habari za wote wawili ni za kiwanda kilekile.

Nje ya Toyota karibu hakuna aliyejali hadi mwishoni mwa mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafla. Mwaka 1974 uchumi wa Japani, uliokuwa umezoea kupaa, ulisimama. Kampuni zilizokuwa zimejaza maghala kwa kutarajia mauzo ya jana zilibaki na mzigo. Toyota nayo iliumia, lakini iliinuka mapema kuliko wengi, na faida yake ikaanza kuachana na ya wenzake. Ndipo wageni walipoanza kupiga hodi kuomba kuonyeshwa zile kadi.

Ohno alipanda hadi kuwa makamu wa rais mtendaji mwaka 1975. Mwaka 1978 alistaafu kampuni ya magari, akaendelea kuwa mwenyekiti wa ile ya nyuzi alikoanzia ujana wake. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake kuhusu utaratibu wa uzalishaji wa Toyota, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988. Ndani yake mbegu ya mawazo yake aliipa majina mawili, la Sakichi kwa mashine inayosimama yenyewe na la Kiichiro kwa kifaa kinachofika kwa wakati. Alimsifu pia Henry Ford, akiamini kwamba mzee huyo angeishi zaidi angefikia yale yale.

Mwaka 1984 Toyota na General Motors walifungua tena kwa ubia kiwanda cha Fremont, California, ambacho GM ilikuwa imekifunga kwa kushindikana. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale wa zamani, waliosifika kwa utoro na migomo. Chini ya utaratibu wa Ohno, kamba ya kusimamisha mstari ikiwa mikononi mwao, walitoa magari yaliyokaribia kwa ubora yale ya Japani. Dhana kwamba kadi zile zinafanya kazi kwa Wajapani peke yao ilikufa hapo.

Taiichi Ohno alifariki tarehe 28 Mei 1990, akiwa na miaka 78. Miezi michache baadaye watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitoa kitabu kilichoupeleka utaratibu wake dunia nzima, safari hii katika viwanda vya ndege, hospitali na maduka.

Mtihani mkubwa ulikuja baada yake. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha kampuni ya Aisin mjini Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote za breki za kifaa fulani kidogo ambacho kila gari la Toyota lilikihitaji. Akiba haikuwapo ya kusema. Ndani ya siku chache viwanda vya Toyota nchini Japani vilisimama, na wakosoaji wakasema yametimia. Kisha kampuni nyingi za jirani, ikiwamo ya cherehani, ziligawana michoro na kuanza kuchonga vali hizo kwenye mashine zao bila kwanza kukaa kubishana bei. Baada ya takriban wiki moja magari yalikuwa yanatoka tena.

Tetemeko na mafuriko ya bahari ya Machi 2011 yalikuwa makali zaidi, na Toyota ilichukua miezi kurudi katika hali yake. Safari hiyo iliorodhesha vifaa vyote ambavyo vikikosekana haviwezi kupatikana haraka mahali pengine, na kuwataka wauzaji wa vifaa hivyo, hasa chipu za kielektroniki, waweke akiba ya miezi kadhaa. Kwa matairi, viti, vioo na maelfu ya vifaa vingine, boksi linaendelea kutoka pale tu kadi inaporudi.